Kompyuta mpya haifungui diski ya mtandao, ya zamani inafungua

SWALI: Kaka, nyumbani nina kisanduku cha diski mbili kilichochomekwa kwenye ruta. Humo naweka picha na video za harusi ninazopiga, pamoja na picha zote za familia. Kwa miaka mitano kila mtu hapa nyumbani amekuwa akikifungua bila nenosiri. Mwezi uliopita nilinunua kompyuta mpakato yenye Windows 11 Pro. Jina la kisanduku naliona, lakini nikibofya naambiwa kuwa sera za usalama za taasisi yangu zinazuia kuingia kama mgeni. Mimi sina taasisi! Nikiwa chumbani, ambako tumeweka ruta ya pili, napata ujumbe mwingine wenye msimbo 0x80070035. Kompyuta ya zamani ya Windows 10 inafungua, simu inafungua, runinga inafungua. Fundi mmoja ameniambia niwashe SMB1, toleo la zamani la njia ya Windows ya kufungua folda za mtandao, na kuzima fayawoli. Mwingine anataka kuzitoa diski na kuzichomeka moja kwa moja kwenye kompyuta mpya. Nifuate lipi? (Msomaji wa Mwanza)

JIBU: Dada yangu, usifuate hata moja. Naanza na hilo la pili kwa sababu ndilo linaloweza kukuliza.

Diski za visanduku vya aina hii kwa kawaida hupangwa kwa mtindo wa Linux, mara nyingi ext4 au btrfs, na Windows haiwezi kuusoma mpangilio huo. Ukiichomeka diski moja kwa moja, Windows itaiona kama diski isiyo na kitu cha maana, na mara nyingi itakuuliza kama uiandae upya ili uweze kuitumia. Swali lenyewe linakuja kwa upole, kama vile ni hatua ya kawaida. Niliwahi kuitwa kwenye nyumba moja ambako mtu alikuwa ameshabofya ndiyo. Kwa programu ya kuokoa mafaili tulipata sehemu ya picha, ila zilirudi bila majina, bila folda, bila tarehe: maelfu ya picha zimemwagika kama mchele sakafuni, na katikati yake picha za mwisho za mama mwenye nyumba akiwa hai. Diski zako zibaki zilipo.

Data zako kwa sasa ni nzima. Ushahidi ni kwamba kompyuta ya zamani inazifungua. Basi kabla hujagusa mpangilio wowote, leo hii chomeka diski ya nje ya USB kwenye kompyuta hiyo ya zamani, unakili kila kitu kutoka kwenye kisanduku. Iache inakili usiku kucha kama ni lazima. Najua utasema kisanduku kina diski mbili, moja ni nakala ya nyingine. Ni kweli kama zimepangwa kwa RAID 1, lakini mpangilio huo unakukinga na jambo moja tu, diski moja kufa. Ukifuta folda kwa bahati mbaya, inafutika kote kuwili kwa sekunde ileile. Umeme ukiunguza kisanduku, diski zote mbili zipo ndani ya kisanduku hichohicho. Nakala ya kweli hukaa mahali pengine.

Sasa tusome ushahidi wako, maana umenipa mwingi na si wote wenye uzito uleule.

Runinga kufungua picha hakutuambii mengi. Runinga nyingi huchukua picha na video kwa DLNA, njia tofauti kabisa na ile ambayo Windows hutumia kufungua folda. Na simu, kama unatumia programu ya watengenezaji wa kisanduku, nayo ina njia yake, pengine hata inazungukia kwenye seva zao za intaneti na kurudi. Kwa hiyo runinga na simu zinathibitisha kuwa kisanduku kimewaka na diski zinasomeka. Zaidi ya hapo hazisemi kitu. Shahidi mkubwa ni kompyuta ya zamani, kwa kuwa yenyewe inapita njia ileile ambayo mpya inaitaka, yaani SMB. Njia ipo na inafanya kazi. Tofauti ni kwamba kompyuta mpya imekataa namna ya kuingia.

Na hapa nataka tuelewane vizuri, kwa sababu watu wengi hudhani kompyuta mpya imeharibika. Kwa miaka mitano nyumbani kwako hakuna aliyekuwa na jina wala nenosiri kwenye kisanduku. Kompyuta ya zamani ilikuwa inabisha hodi kwa jina lako la Windows. Kisanduku hakikulijua jina hilo, kikasema si kitu, ingia kama mgeni. Yote hayo yalifanyika kimyakimya, wewe ukaona folda tu. Windows 10 Home na Pro ziliuruhusu mtindo huo. Windows 11 Pro, kuanzia toleo la 24H2 lililotoka Oktoba 2024, imeacha kuuruhusu. Sasa inataka kila kifurushi cha data kinachopita kati ya kompyuta na kisanduku kiwe na saini, ili mtu aliyejipenyeza kwenye mtandao asiweze kubadilisha kitu njiani wala kujifanya yeye ndiye kisanduku. Saini hiyo hutokana na nenosiri. Mgeni hana nenosiri, basi hana cha kutilia saini, na kompyuta inafunga mlango. Neno taasisi kwenye ujumbe lisikutie wasiwasi: ujumbe uliandikwa kwa ajili ya maofisi, na nyumbani unakuja hivyohivyo bila kubadilishwa.

Utasikia ushauri wa kuirudisha kompyuta kwenye tabia ya zamani: zima saini, ruhusu wageni. Inawezekana, na mipangilio yake ipo. Mimi siupendi, na nitakuambia kwa nini. Ukifanya hivyo umeilegeza kompyuta yako kwenye kila mtandao utakaoingia, ukumbini kwa mteja, hotelini, uwanja wa ndege, ili tu kisanduku kimoja cha nyumbani kisisumbuliwe. Tena kisanduku kinabaki wazi kwa yeyote mwenye nenosiri la Wi-Fi yako. Hesabu ni wageni wangapi umewapa nenosiri hilo tangu mwaka jana. Kila mmoja wao angeweza kufuta harusi nzima ya mteja wako. Marekebisho yanapaswa kufanyika ndani ya kisanduku: kipe jina la mtumiaji na nenosiri.

Kwenye kompyuta ya zamani fungua kivinjari, andika anwani ya IP ya kisanduku pale juu, na uingie kama msimamizi. Kama anwani huijui, utaikuta kwenye ukurasa wa ruta, kwenye orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Nitafanya mfano kuwa ni 192.168.1.50, na kwamba folda yako inaitwa picha. Tengeneza mtumiaji mpya, tuseme studio, mpe nenosiri refu, kisha mpe ruhusa ya kusoma na kuandika kwenye folda ya picha. Akaunti ya msimamizi usiitumie kwa kazi za kila siku, na kama nenosiri lake bado ni lile lililotoka kiwandani, libadilishe sasa hivi. Ukiwa hapohapo tafuta mipangilio ya SMB: kiwango cha chini kiwe SMB2, cha juu kiwe SMB3. Na kama kuna sasisho la programu ya kisanduku, lisakinishe, mradi nakala ya USB imeshakamilika.

Ruhusa ya mgeni usiizime bado. Tutaizima mwishoni.

Rudi kwenye kompyuta mpya. Hapa ndipo watu wengi hukwama, hata waliofanya yote hayo sawasawa. Wanabofya kisanduku wakisubiri kuulizwa nenosiri, na hawaulizwi. Ujumbe unakuja uleule wa sera za taasisi, nao wanasema mtumiaji mpya hajasaidia kitu. Kinachotokea ni hiki: Windows kwanza inajaribu kimyakimya jina ulilofungulia kompyuta yenyewe, labda barua pepe yako. Kisanduku hakilijui, kinajibu karibu kama mgeni. Windows inasikia neno mgeni, inakataa, na mazungumzo yameishia hapo. Nafasi ya kukuuliza nenosiri haikufika kabisa.

Dawa yake ni kuipa Windows jina na nenosiri kabla haijabisha hodi. Fungua Command Prompt, dirisha la kuandikia amri, kwa njia ya kawaida, usichague kuifungua kama msimamizi. Hili nalisisitiza: diski ukiiunganisha kwenye dirisha la msimamizi, kwa kawaida haitaonekana kwenye File Explorer, na utadhani amri imeshindwa. Kwanza futa miunganisho ya zamani iliyong'ang'ania:

net use * /delete

Itakuuliza uthibitishe, nawe uthibitishe. Kisha:

net use Z: \\192.168.1.50\picha * /user:studio /persistent:yes

Ile nyota iliyotangulia /user inamaanisha uulizwe nenosiri. Wakati unaandika hutaona herufi wala vidoti, kiashiria kitatulia palepale. Andika tu hadi mwisho ubonyeze Enter. Ukijibiwa kuwa amri imekamilika, fungua File Explorer, utaikuta Z imekaa pamoja na diski zako nyingine.

Ili isikuulize tena ukiwasha kompyuta kesho, andika cmdkey /add:192.168.1.50 /user:studio /pass na uingize nenosiri likiulizwa, au ingia Credential Manager ndani ya Control Panel uongeze mambo hayohayo chini ya Windows Credentials. Zingatia kwamba Windows huhifadhi jina la kisanduku na anwani yake ya IP kama vitu viwili tofauti. Ukihifadhi nenosiri la 192.168.1.50 halafu ukafungua kwa kubofya jina la kisanduku, itakuwa kana kwamba hukuhifadhi chochote. Chagua kimoja udumu nacho, au uviongeze vyote viwili.

Amri ikikataa, namba ya kosa ndiyo itakayokuongoza. Kosa 1326 ni jina au nenosiri lisilo sahihi. Jaribu pia, baada ya /user:, kuandika jina la kisanduku, mkwaju wa nyuma, kisha studio. Kosa 1219 ni kwamba kompyuta hiyo tayari ina muunganisho mwingine na kisanduku kwa jina jingine, na Windows haikubali majina mawili kwa seva moja. Rudia ile amri ya kufuta au uzime kompyuta na kuiwasha. Kosa 5 ni kwamba umetambuliwa, ila mtumiaji hana ruhusa kwenye folda, basi rudi kwenye kisanduku umpe. Na kosa 53 ni la chumbani kwako, tunalifikia sasa hivi.

Jambo moja linaloweza kukushangaza baada ya kufanikiwa: picha za zamani zinafunguka, lakini ukitaka kuzihariri au kuzifuta unakataliwa. Ziliandikwa na mgeni, na kwenye visanduku vingine mgeni ndiye anayehesabiwa kuwa mwenyewe. Ingia tena kama msimamizi, kwenye ruhusa za folda ya picha, na uchague ruhusa mpya zishuke hadi kwenye folda na mafaili yote ya ndani.

Sasa chumbani. Msimbo 0x80070035 watu huuona wa kutisha, lakini sehemu yenye maana ni 35 ya mwisho. Imeandikwa kwa hesabu ya kumi na sita. Ukiigeuza inakuwa 53, yaani njia ya kwenda kwenye kifaa haikupatikana. Suala la mgeni wala nenosiri halimo, kwa kuwa kompyuta haijafika hata mlangoni. Na wewe mwenyewe umeshanipa jibu uliposema chumbani mna ruta ya pili.

Hebu ukiwa chumbani andika ipconfig kwenye Command Prompt, usome mstari wa IPv4. Nakisia utaona kitu kama 192.168.0.104, na ukiwa sebuleni utaona 192.168.1 na namba nyingine mwishoni. Ile namba ya tatu, 0 na 1, ndiyo tofauti yenyewe. Ruta ya pili imetengeneza mtandao wake ndani ya mtandao wa kwanza. Wito ambao Windows hutumia kuuliza nani anaitwa jina fulani hauvuki ruta, kwa hiyo ukiita kisanduku kwa jina ukiwa chumbani, hakuna anayeitikia. Lakini ukiita kwa anwani ya IP utashangaa kuona kinafunguka, kwa kuwa kutoka mtandao wa ndani kwenda wa nje njia ipo. Kinyume chake ndicho kisichowezekana: kama kisanduku kingekuwa kimechomekwa kwenye ruta ya chumbani, walio sebuleni wasingekifikia kabisa. Nimeona nyumba nyingi za namna hii tangu faiba ilipoanza kuingia mitaani. Kampuni inaleta ruta yake, mwenye nyumba ananunua ya pili ili Wi-Fi ifike mbali, na hakuna anayemwambia kuwa sasa ana mitandao miwili.

Kuthibitisha, ukiwa chumbani fungua PowerShell, dirisha jingine la amri, uandike:

Test-NetConnection 192.168.1.50 -Port 445

Angalia mstari wa TcpTestSucceeded. Ukisoma True, poti 445 inayotumiwa na SMB inafikika na kilichobaki ni jina tu. Ukisoma False, kuna kitu kimeziba njia: VPN uliyoisahau ikiwa imewaka, antivirasi yenye fayawoli yake, au umeingia kwenye Wi-Fi ya wageni, ambayo kazi yake ni kutenganisha vifaa visionane.

Suluhisho la kudumu ni kuifanya ruta ya pili iache kuwa ruta. Nyingi zina mpangilio wa kuwa kituo cha Wi-Fi tu, uchague huo. Kama yako haina, ipe anwani ambayo haijatumika kwenye mtandao wa kwanza, mfano 192.168.1.2, zima DHCP yake (kazi ya kuvigawia vifaa anwani), kisha waya unaotoka sebuleni uuchomoe kwenye tundu la WAN uuchomeke kwenye tundu la LAN. Nyumba nzima itakuwa mtandao mmoja. Ukiwa kwenye ruta kuu, kifungie kisanduku anwani yake ili kiwe 192.168.1.50 siku zote. Usipofanya hivyo, siku umeme umekatika na kurudi, vifaa vinaweza kugombania anwani upya na ile Z yako ikawa inaelekea kwa printa.

Nimalizie na fundi wa kwanza. Kuzima fayawoli ya Windows hakukusaidii kwa tatizo hili. Kwa mipangilio yake ya kawaida inazuia wanaotaka kuingia kwenye kompyuta yako, nawe hapa ndiye unayetoka kwenda kwenye kisanduku. Ukitaka jina la kisanduku lionekane vizuri, hakikisha mtandao wa nyumbani umewekwa kuwa Private badala ya Public. Hilo linatosha.

SMB1 ni jambo zito zaidi. Ni lugha ya miaka ya 1980, na kasoro yake ndiyo iliyotumiwa na WannaCry mnamo Mei 2017, kirusi kilichofunga mafaili ya watu duniani kote na kuvuruga hospitali nyingi za Uingereza. Microsoft walikuwa wametoa marekebisho mwezi Machi mwaka huohuo. Waliochelewa kuyaweka ndio walioumia. Baadaye mwaka huo, kwa toleo la 1709 la Windows 10, Microsoft wakaanza kuiondoa SMB1 kwenye kompyuta mpya. Kisanduku cha miaka mitano hakiihitaji. Ukitaka uhakika, kwenye kompyuta ya zamani fungua folda ya picha, kisha ufungue PowerShell kama msimamizi na uandike Get-SmbConnection. Soma safu ya Dialect. Namba inayoanza na 2 au 3 ina maana kisanduku kinazungumza lugha ya kisasa na hoja ya fundi imekwisha. Ikianza na 1, na hakuna sasisho la kukikomboa, basi nakili vitu vyako kwa ile kompyuta ya zamani na uanze kutafuta kisanduku kingine. Kompyuta mpya usiifundishe lugha hiyo.

Z ikishafunguka sebuleni na chumbani, rudia ile amri ya net use kwenye kompyuta ya zamani kwa jina lilelile la studio, na kwenye simu uweke nenosiri kama programu yake italiuliza. Hapo ndipo uingie kwenye kisanduku uzime ruhusa ya mgeni kwenye folda ya picha. Kisha jaribu na runinga. Ikikosa picha, usirudishe mgeni kwa ajili yake: tengeneza folda ya pili, weka humo picha za familia tu unazotaka zionekane sebuleni, na uiruhusu hiyo pekee kwenye mipangilio ya DLNA. Mafaili ya wateja yabaki nyuma ya nenosiri. Na kompyuta hiyo ya zamani, Microsoft waliacha kuitolea Windows 10 masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo mara utakapomaliza kuhama, itengenezee mtumiaji wake wa pekee badala ya studio, mwenye ruhusa ya kusoma tu.

Ukikwama, niandikie mambo matatu: mstari wa IPv4 ukiwa sebuleni na ukiwa chumbani, jibu la TcpTestSucceeded kila mahali, na namba ya kosa la net use. Nenosiri usinitumie.